Neno Walilombandika Mama Goreti

Cedar Hill, mezani

Sauti ninayoisikia mpaka leo ni ya simu ya mama mdogo ikitetemeka juu ya mfuniko wa sufuria. Drrr. Kimya. Drrr, drrr. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kiangazi cha 2019, tunakula ugali na ndagala, naye alikuwa ameiegesha simu pale ili mezani pabaki nafasi. Kila ikitetemeka, mfuniko unalia kama kuna mdudu ndani. Nikamwambia, "Mama, itazame basi, labda ni mwanao Goreti." Akafuta mkono, akaitazama, akaigeuza uso chini.

"Kula," akasema. "Ugali unapoa."

Nyote mmeniuliza, wengine kwa simu, wengine pale nje ya kanisa: Houston kulikuwaje, na ni kweli niligombana na watu kwenye jumba la sanaa? Naandika mara moja ili nisirudie mara ishirini, kwa sababu kila nikisimulia napandwa na hasira upya, na hasira inanichosha. Mimi ni mtu wa kucheka, mnanijua.

Kwa asiyetujua, Mama Goreti ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenitoa kambi ya wakimbizi Kigoma nikiwa na miaka kumi na mmoja, akanileta Texas, akanisomesha mpaka shule iliponishinda mwenyewe. Mimi natandika vitanda hotelini. Yeye yuko kwenye ghala moja kusini mwa Dallas, anafungua maboksi yanayotoka China na kupanga vilivyomo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alifika pale ghalani msanii Mchina, nitamwita Bwana Guo, mtu mwembamba mwenye mvi na kamera mbili shingoni. Ofisi ilimruhusu. Kazi yake, alivyotueleza mama, ni kuonyesha nani anaumia ili vitu viwe rahisi madukani. Kwao alipiga picha wanawake wa kiwandani wanaotia vitu ndani ya maboksi, mikono ya kwanza. Huku akataka wanaoyafungua, mikono ya mwisho. Alimpiga mama picha ya uso zamu ilipoisha, kisha akampaka plasta mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaenda kutengeneza mfano wake kwa maboksi yaliyosagwa na gundi. Na kila mtu alitakiwa atoe neno moja analolisema kazini.

Mama alitoa lake, nanyi mnalijua. Kila zamu ikiisha anapita laini nzima, kwa Wameksiko, kwa Wavietnamu, kwa yule babu wa forklift, "Pole na kazi. Pole na kazi." Wengine wanamrudishia, "Pole, pole," hata hawajui ni nini, ila wanatabasamu.

Sasa kilichokuwa kinatetemesha simu ni picha. Kijana mmoja wa kwaya alikwenda Houston kutembelea ndugu, wakampeleka kwenye jumba la sanaa, akaona uso wa mama ukutani. Akapiga picha kikaratasi cha chini yake, akaitupa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. "Jamani, Mama Goreti amekuwa staa, lakini mbona wanasema hivi?" Juu ya kikaratasi, Pole na kazi. Chini yake, kwa Kiingereza, "Slow at Work."

Mtu wa polepole kazini. Mzembe, tusizunguke.

Mngejua ghala lilivyo, msingetuma zile sura za kucheka. Nawaambia ninyi hao hao, mliotuma. Pale kuna kimashine cha mkononi kinachohesabu kila boksi, na wa polepole jina lake linatokea kwenye skrini kwa rangi nyekundu, watu wote wakilitazama wanapokwenda kula. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Na mama hajawahi kuwa mwekundu hata siku moja.

Jumatatu picha ilikuwa imeshafika kazini. Supavaiza wake akamsalimia, "Good morning, Miss Slow." Watu wakacheka. Mama hakutuambia. Nilikuja kuambiwa na Rosa, Mmeksiko anayefanya kazi pembeni yake, nilipokwenda kumchukua siku ya Alhamisi. Alinishika mkono pale getini.

"Mama yako anaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Hasemi tena pole. Wiki nzima. Anachukua mkoba wake, anaondoka."

Miaka minane ya kusema neno lile, na watu wasiomjua walikuwa wamemnyang'anya kwa kikaratasi kisichozidi kiganja.

Bwana Guo alikuwa azungumze na watu pale Houston Jumamosi, saa nane mchana. Nikamwambia mama nakwenda.

"Anisia, achana nayo," akasema. Alikuwa anapasi sare yake. "Neno likishaandikwa na Wazungu, sisi tutalifuta na nini?"

"Aliyeandika ni Mchina."

"Haya. Na Mchina utamfuta na nini?"

Dallas mpaka Corsicana

Basi lilikuwa liondoke saa moja asubuhi, likaondoka saa mbili kasoro. Nilikuwa na chapati nne na mayai matatu ya kuchemsha. Nilipomenya yai la kwanza, kaka wa kiti cha pembeni akatazama juu kama anayetafuta bomba la gesi lililopasuka. La pili akahamia nyuma. La tatu nikalila taratibu, nina viti viwili vyangu, nafanya mazoezi ya Kiingereza changu nikitazama ng'ombe. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Nitasimama, nitanyoosha mkono, nitasema, Bwana, mimi ni mtoto wa mikono ile. Mnanijua na ndoto zangu. Nilishaona watu wote wakigeuka kunitazama, na mmoja akilia.

Karibu na Corsicana kikasikika kishindo chini, basi likayumba, likaingia pembeni. Tairi. Dereva akatusukuma hivyo hivyo, polepole kweli, mpaka kwenye kituo cha mafuta, akatutangazia kwamba basi lingine linatoka Dallas, dakika arobaini na tano.

Kituo cha mafuta, karibu saa tano nzima

Dakika arobaini na tano za dereva yule zilikwisha saa tisa kasoro alasiri.

Jua la Texas mwezi wa saba halina adabu. Ndani ya duka walitukunjia nyuso kila tukikaa bila kununua, basi nikanunua maandazi yao, yale ya Kicheki yanayouzwa huku, laini kama yetu ila ndani yana soseji. Nilitegemea sukari, nikauma soseji. Nikakaa kwenye ukingo wa kivuli nje, pembeni ya mzee mmoja Mzungu mwenye kofia ya wachunga ng'ombe na viatu vya hospitali, jina lake Earl, anakwenda kumwona mjukuu wake.

Earl alikwenda kununua kahawa. Akirudi akajikwaa kwenye ukingo, kahawa yote ikamwagikia mkononi. Nikaruka. "Sorry, sorry, sorry!"

Akanitazama. "Si wewe uliyefanya."

"Najua. Lakini sorry."

"Mtoto, ulikuwa umekaa kule. Unaomba msamaha wa nini?"

Nikampa kitambaa. Nikajaribu kumweleza kwamba siombi msamaha, kwamba kwetu mtu akijikwaa unamwambia hivyo, akibeba mzigo unamwambia, akitoka kazini unamwambia, akifiwa unamwambia. Akafuta mkono wake polepole, anafikiri.

"Kwa hiyo kwenu watu wote wana hatia ya kila kitu."

"Hapana, mzee. Hakuna mwenye hatia."

"Basi sorry ya nini?"

Nilishindwa. Nawaambieni ukweli, nilikaa kwenye ule ukingo nikashindwa kumweleza mtu mwema mwenye mkono ulioungua. Na hapo ndipo nilipoogopa. Kama nimemshindwa Earl, mwenye saa nzima za kunisikiliza, nitamweza msanii mbele ya watu? Saa nane ikafika nikiwa pale pale natazama barabara. Ikapita. Nikajua kule Houston amesimama, anazungumza habari za mama yangu, na mimi niko hapa na soseji yangu. Nikapiga teke pipa la taka. Earl akasema, "Sorry."

Nilicheka bila kutaka. Lakini hakuwa amekosea. Alikuwa amelisema panapotakiwa.

Houston, jumba la sanaa

Dada Rehema alinipokea stendi. Ni Mtanzania wa Moshi, mfamasia. Nilikuwa namlelea mtoto wake alipokuwa akiishi Richardson, kwetu Dallas, kabla hawajahamia Katy, pembeni ya Houston. Alikuwa na hijabu ya rangi ya zambarau na hasira ya foleni.

"Pole na safari, mdogo wangu. Mkutano umekwisha, lakini jumba linafungwa saa moja. Sasa ni kumi na moja na robo. Funga mkanda."

Tulipofika walikuwa wanakunja viti. Bwana Guo alikuwa ameshaondoka, yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nikaingia chumba chenyewe.

Sitasema uongo, kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mikono ya mama inatoka ukutani mpaka kwenye viwiko, rangi ya maboksi, viganja juu kama anayepokea kitu kizito. Kidole chake cha shahada kile kilichopinda, kimepinda. Kwenye mkono wa kushoto gundi haikufuta chapa ya boksi, ule mshale wa kuonyesha upande wa juu. Na juu yake uso wake, mkubwa kama mlango, macho ya mtu aliyetoka kusimama kwa saa kumi. Sijawahi kumwona mama yangu hivyo, na nalala chumba cha pili. Nikafikiri, huyu mtu anajua kuona. Sasa mtu anayejua kuona kiasi hiki anashindwaje kuuliza?

Chini yake kikaratasi. "Slow at Work."

Ukuta wa pili, uso kwa uso na mama, ilitoka mikono mingine, ya msichana wa kiwandani China, kofia ya nailoni kichwani kwenye picha, mdomo umekauka. Naye alikuwa ametoa neno lake. Yalikuwa maandishi ya Kichina, na chini Kiingereza.

"Dada, hapo wameandika nini?"

Rehema akasogea. "Wanasema, umefanya kazi ngumu. Kwamba kwao ndivyo wafanyakazi wanavyoagana jioni. Yaani..." Akageuka kumtazama mama ukutani.

"Yaani nini?"

"Yaani pole na kazi."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Wanawake wawili, mmoja anatia, mwingine anatoa, hawajaonana maisha yao yote, na walipoulizwa neno moja tu wametoa neno lile lile. Wamewekwa wanatazamana. Mmoja wameandika kwamba anawaheshimu wenzake. Wa pili, kwamba ni mvivu.

Hapo sikungoja tena. Msimamizi wa jumba alikuja, Helen, miwani nyekundu, mpole, ananong'ona kama tuko msibani. Akasema anafurahi kwamba nimeguswa. Akasema vikaratasi ni sehemu ya kazi ya msanii, hawawezi kugusa.

"Hiyo siyo kazi ya msanii," nikamwambia. "Hilo ni kosa. Mama yangu hakusema hivyo."

"Tuna fomu. Kila mshiriki alijaza."

"Ilete."

Akaileta kwenye tableti yake. Neno la mama lilikuwa kwa mwandiko wa mama, zile herufi zake kubwa kubwa za kambini. Lakini sehemu ya maana ilijazwa na mwandiko mwingine, mzuri, wa kulala. Ulikuwa wa mwanamke wa ofisini ghalani, ambaye aliongeza na maelezo pembeni ili aaminiwe: kwamba anajua Kiswahili kidogo, alipanda Mlima Kilimanjaro, na waongozaji walikuwa wanawaambia njia nzima pole pole, maana yake taratibu.

Rehema wa Moshi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Alipanda mlima wetu siku sita," akasema, "akateremka na neno moja."

"Na hilo moja akampiga nalo mama yangu."

Helen akasema basi tutafute njia. Rehema, ambaye ni mtu wa suluhu, akasema labda waandike sorry, "Sorry for the work." Nikasema hapana. Akanivuta pembeni.

"Anisia, shule zote wanafundisha hivyo. Pole ni sorry."

"Sorry ni mtu aliyeharibu. Wataona ameharibu kazi, anaomba asifukuzwe. Tumtoe kwenye uvivu tumtie kwenye uharibifu?"

"Sasa unataka nini? Kiingereza hakina hilo neno."

"Kinalo. Liko ukutani pale."

Nikamwonyesha Helen yule msichana wa China. Nikamwambia, Kiingereza changu kikinitoka kwa makundi, chukua maneno haya, yaweke na kule. Ni neno moja. Walisema kitu kimoja. Helen akatazama ukuta huu, akatazama ule, mara mbili, kama mtu anayevuka barabara. Miwani ikamteleza.

"Mungu wangu," akasema. "Tumekaa nayo wiki tano."

Akapiga simu. Msaidizi wa Bwana Guo akapokea, msichana, nyuma yake matangazo ya ndege. Helen akaeleza. Kikafuata Kichina kirefu. Kisha msichana akasema, "Bwana Guo anasema he is very sorry."

Nikaomba simu. "Mwambie sikuja kuchukua sorry. Mwulize, huyu dada wa kwenu alipotoa neno lake, alihitaji mtu aliyepanda mlima amweleze maana?"

Kichina. Kisha Kichina kidogo.

"Anasema hapana."

"Mama yangu alikuwa amesimama mbele yake. Na plasta mikononi. Asingeweza kukimbia. Kwa nini hakumwuliza yeye?"

Nilisikia wanatangaza safari ya mtu mwingine. Halafu ikaja sauti ya kiume, karibu, kwa Kiingereza kibovu kama changu. "Nilikuwa na haraka," akasema. "Ofisi walinipa siku moja. Nikawauliza wenye ofisi." Akavuta pumzi. "Watu ninaosema nawapinga."

Mlitaka nimwonee huruma, wengine mmeniambia. Labda. Lakini mtu aliyejenga jina lake kwa kuwakemea mabosi, akaenda kumwuliza bosi mfanyakazi wake amesema nini, huruma yangu ilibidi isubiri foleni. Alisema kikaratasi kitolewe, kiandikwe kama cha msichana. Nikampa Helen simu yake.

Helen akasema kipya kitachapishwa Jumanne. Nikasema vizuri, nitangoja hapa mpaka Jumanne. Rehema akanikanyaga mguu. Helen akanitazama, akaenda, akarudi na kiwembe chembamba, akakibandua kikaratasi mwenyewe, akaanza kona moja mpaka nyingine. Ukutani pakabaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta.

Katy, kisha nyumbani

Rehema alinipikia pilau usiku ule. Nikala sahani mbili kama mtu aliyetoka shamba. Jumapili basi la kurudi halikupasuka tairi wala nini, na nilikuwa na hamu sana ya kupiga kitu teke.

Mama nilimkuta anasuka nywele za jirani. Nilimweleza yote. Jumanne Helen akatuma picha ya kikaratasi kipya. Mama akaikuza kwa vidole, akasoma taratibu, midomo inatembea. Kisha akaniuliza kuhusu yule wa upande wa pili.

"Huyu dada anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Ungeuliza," akasema, akanirudishia simu.

Ndiyo. Na mimi sikuuliza.

Mwanamke wa ofisini amesema ilikuwa ni kutoelewana kidogo. Kidogo. Supavaiza ameacha kusema Miss Slow, ila hajasema kingine. Mnauliza kama mama amerudia kupita laini na neno lake. Bado. Rosa anasema sasa yeye ndiye anayempitia mama zamu ikiisha, anamwambia, na mama anamgusa bega tu, anachukua mkoba. Kwa hiyo msiniambie niliwashinda. Kubandua karatasi ni dakika moja.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Rehema. Alipokwenda kuleta gari, na Helen amekwenda kutupa kile kikaratasi, nilibaki peke yangu kile chumba, na mlinzi amegeukia korido. Nikafikiri, wiki tano mama yangu amesimama hapa anawaambia watu pole na kazi, siku nzima, kila anayepita, na wote wanasoma, wanatazama, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Nikasogea mpaka usawa wa viganja vyake, nikamwitikia kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwitikia mlangoni.

"Nishapoa, mama."